Guangzhou: mtaa wa kulala uchaguliwe kwa mzigo, si kwa bei ya chumba

Wafanyabiashara wengi wa Kariakoo, Eastleigh, Kikuubo na Bujumbura wanaokwenda Guangzhou kwa mara ya kwanza hutumia wiki kadhaa kutafuta viza na nauli ya nafuu. Mahali pa kulala hupatikana kwa dakika kumi tu: jina la hoteli kutoka kwa rafiki, au chumba chenye bei ya chini kuliko vyote vilivyoonekana kwenye intaneti. Akishafika ndipo mtu hugundua kwamba soko lake liko upande wa pili wa jiji, kwamba hoteli haitaki pasi ya kigeni, au kwamba wakala anayepokea mizigo ya nchi yake yuko mbali kiasi cha kulipia gari kila anaponunua maboksi mawili.

Guangzhou si mji wa kuzunguka kwa miguu. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu watu zaidi ya milioni 18. Uwanja wa ndege wa Baiyun uko kaskazini, ukumbi wa maonyesho uko kusini-mashariki ng'ambo ya Mto wa Lulu, na bandari ya makontena ya Nansha iko mbali zaidi kusini, karibu na bahari. Chukua mfano wa mtu anayenunua mikoba Sanyuanli lakini amelala Pazhou. Kwa treni ya chini ya ardhi, ukijumlisha kutembea na kubadilisha treni, atatumia karibu saa moja kwenda na saa moja kurudi. Kwa siku 10 hizo ni saa 20, yaani siku mbili nzima za soko zimepotelea njiani. Nafuu ya chumba hailipi hasara hiyo.

Kila bidhaa na mtaa wake

Jambo la kwanza kulielewa ni kwamba masoko ya jumla ya Guangzhou yamejipanga kwa bidhaa. Hakuna Kariakoo moja yenye kila kitu. Mikoba na bidhaa za ngozi ziko Sanyuanli, vipodozi viko karibu na hapo, nguo za jumla ziko mbele ya stesheni kuu ya reli, vitambaa viko wilaya ya Haizhu, na vitu vya kuchezea watoto na vifaa vya shule viko barabara ya Yide. Vipuri vya magari madogo vinajulikana barabara ya Yongfu, vituo vichache mashariki ya Xiaobei. (Wenye malori wanaotafuta vipuri vya HOWO wakumbuke kwamba kiwanda mama cha magari hayo kiko Jinan, mkoa wa Shandong, kaskazini kabisa. Guangzhou watakutana zaidi na wauzaji wa kati.)

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza hoteli gani ni nzuri, mfanyabiashara aandike bidhaa zake kwa mpangilio wa fedha atakazotumia. Bidhaa inayokula sehemu kubwa ya mtaji ndiyo iamue mtaa, na zile nyingine zifuatwe kwa treni.

Xiaobei

Jina la kwanza ambalo mgeni kutoka Afrika Mashariki hulisikia ni Xiaobei, katika wilaya ya Yuexiu. Ni kituo kimoja tu kutoka stesheni kuu ya reli kwa njia namba 5 ya treni ya chini ya ardhi. Jengo la Tianxiu, lenye maduka na ofisi za wageni, limekuwa alama ya eneo hilo tangu miaka ya 1990. Nyuma yake, katika kijiji cha zamani cha Dengfeng kilichomezwa na jiji, kuna mtaa wa Baohan wenye migahawa ya halali, vinyozi, maduka ya simu na ofisi za kusafirisha mizigo.

Sifa yake kubwa ni lugha. Mgeni asiyejua hata neno moja la Kichina anaweza kula, kukata nywele na kutuma mzigo Xiaobei bila mkalimani. Kiswahili husikika, Kifaransa na Kilingala pia, pamoja na Kiarabu. Mtu wa Lubumbashi na mtu wa Mombasa wanaweza kukaa meza moja na kuulizana bei ya kusafirisha kwa mita ya ujazo, na habari hizo peke yake zinaweza kuokoa fedha nyingi. Kwa Mwislamu kuna faida nyingine: msikiti wa Xianxian, penye kaburi ambalo Waislamu wa huko wanaamini ni la sahaba Saad bin Abi Waqqas, uko barabara ya Jiefang Kaskazini, si mbali na hapo, na Ijumaa hujaa wageni.

Hata hivyo Xiaobei ya leo si ile inayosimuliwa na wazee wa safari za miaka ya 2000. Idadi ya Waafrika ilianza kupungua kabla ya ugonjwa wa Korona, na mwezi Aprili 2020 hali ilikuwa mbaya: Waafrika wengi waliondolewa katika nyumba na hoteli walizokuwa wamelipia, wengine wakalala nje, mpaka mabalozi wa nchi za Afrika mjini Beijing wakaandika malalamiko ya pamoja kwa serikali ya China. Mipaka ya China ilifunguliwa tena tarehe 8 Januari 2023 na biashara imerudi, lakini baadhi ya maduka na mawakala waliokuwapo hawakurudi. Anwani ya wakala iliyoandikwa kwenye daftari la mwaka 2018 ihakikishwe kwa simu kabla ya kupanda ndege.

Kuna mambo mengine mawili ya kuangalia hapo. Polisi hukagua pasi barabarani, na sheria inamtaka kila mgeni mwenye umri wa miaka 16 na zaidi atembee na pasi yake. Nakala haitoshi. Jingine ni watu wanaobadilisha fedha kando ya barabara. Biashara hiyo si halali na noti bandia zimewaliza wengi. Benki ina foleni, lakini noti zake hazina wasiwasi.

Anayependa huduma za Xiaobei lakini hapendi kelele zake anaweza kusogea kituo kimoja mashariki, Taojin. Hoteli za hapo ni bora na bei imepanda kidogo, na Xiaobei bado inafikika kwa miguu.

Sanyuanli

Kaskazini ya stesheni ya reli, kwenye njia namba 2, kuna Sanyuanli. Hapa ndipo penye masoko makubwa ya mikoba na ngozi ya barabara ya Jiefang Kaskazini, na masoko ya vipodozi na vifaa vya saluni ya Xingfa na Meibo. Barabara ya Guangyuan Magharibi kwa miaka mingi imekuwa makao ya wafanyabiashara kutoka Afrika Magharibi, hasa Wanigeria, na soko la Canaan linajulikana kwao wote. Mfanyabiashara wa vipodozi, nywele au mikoba hana sababu ya kulala kwingine. Masoko ya nguo ya Baima na yale ya barabara ya Zhanxi yenye saa na viatu yako kituo kimoja tu, stesheni ya reli.

Ni eneo la kazi zaidi kuliko la starehe. Mitaa imebanana, pikipiki za umeme hupita mpaka njia za waenda kwa miguu, na gesti nyingi ni vyumba vidogo bila dirisha. Ukaguzi wa polisi hapa una historia ndefu. Julai 2009 Waafrika walizingira kituo cha polisi cha eneo hilo baada ya mwenzao kuumia akikimbia ukaguzi wa pasi. Mwenye viza hai na usajili sahihi hana la kuogopa, lakini ajue kwamba ataulizwa.

Aidha, mikoba yenye majina makubwa inayotolewa chini ya meza Sanyuanli ni mtego. Bei huvutia, lakini Mombasa kuna Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia, na Dar es Salaam kuna Tume ya Ushindani. Kontena likifunguliwa, anayepata hasara si mwenye mikoba peke yake, ni wote waliochangia kontena hilo.

Pazhou na Tianhe

Maonyesho ya Canton, yaliyoanza mwaka 1957, hufanyika Pazhou mara mbili kwa mwaka, kuanzia katikati ya Aprili na katikati ya Oktoba, kwa awamu tatu za siku tano tano. Awamu ya kwanza ni ya mashine, umeme na magari, ya pili ni vyombo vya nyumbani, zawadi na vifaa vya ujenzi, na ya tatu ni nguo, viatu na bidhaa za afya. Asiyejua awamu yake anaweza kufika akakuta mabanda ya bidhaa zake yameshavunjwa.

Kulala Pazhou kuna maana kwa mtu aliyekwenda kwa ajili ya maonyesho tu na mwenye mfuko unaoruhusu. Hoteli zake hupandisha bei sana wakati huo, na baada ya maonyesho kufungwa jioni hakuna la maana la kufanya. Wengi hulala Xiaobei au Taojin, wakachukua njia namba 5 hadi Zhujiang New Town, namba 3 hadi Kecun, kisha namba 8 mpaka Pazhou. Wakati wa maonyesho bei hupanda jiji zima, si Pazhou peke yake, na awamu ya tatu ya Aprili na Mei huangukia sikukuu ya Mei Mosi ambapo Wachina nao wako safarini. Chumba kiwekwe mapema.

Tianhe na Zhujiang New Town ni maghorofa ya vioo na hoteli za kimataifa. Anayekutana na wakurugenzi wa viwanda apange huko. Mchuuzi wa kawaida hana biashara ya kumpeleka.

Nguo na vitambaa

Wanunuzi wa nguo za bei ya chini wanakwenda Shahe, wilaya ya Tianhe, au Shisanhang, wilaya ya Liwan. Masoko haya yana tabia ya soko la samaki: huanza alfajiri kabla ya jua, na ikifika saa saba au saa nane mchana wengi wameshafunga. Treni za chini ya ardhi bado zimelala muda huo. Kwa hiyo mnunuzi ama alale karibu na soko, ama alipe teksi kila alfajiri. Wenye kununua nguo kwa wingi huchagua kulala jirani na soko kwa siku mbili tatu za manunuzi, kisha wakahamia Xiaobei kufunga mzigo. Ni ushauri mzuri, na haugharimu kitu zaidi ya kufungasha begi mara mbili.

Vitambaa vya kushona viko soko la Zhongda, karibu na Chuo Kikuu cha Sun Yat-sen, njia namba 8. Anayetafuta kitenge kwa wingi lakini ajiulize kwanza kama safari yake haipaswi kuwa Keqiao, mji wa Shaoxing, mkoa wa Zhejiang, ambako ndiko kwenye soko kubwa la vitambaa la China.

Wengine watoke Guangzhou

Kosa la kawaida la wauza fanicha na vigae ni kukaa Guangzhou na kwenda Foshan kila siku. Foshan imeunganishwa na Guangzhou kwa treni tangu mwaka 2010, lakini maduka ya fanicha ya Lecong yamesambaa kwa kilomita nyingi kando ya barabara na hayamalizwi kwa mchana mmoja. Kulala Foshan usiku mbili au tatu ni busara zaidi, na hoteli za huko kwa kawaida ni rahisi kuliko za Guangzhou. Taa ziko Guzhen, mji wa Zhongshan. Simu na vifaa vyake viko Huaqiangbei, Shenzhen, mwendo wa nusu saa hivi kwa treni ya kasi kutoka Guangzhou Kusini. Hao nao walale huko huko.

Usajili wa polisi

Sheria ya China ya uingiaji na utokaji, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2013, inamtaka kila mgeni asajiliwe polisi ndani ya saa 24 baada ya kufika mahali anapolala. Akilala hotelini, hoteli ndiyo inayomsajili. Akilala kwa ndugu, rafiki au chumba cha kupanga, yeye na mwenyeji wake wanatakiwa kwenda kituo cha polisi cha mtaa. Asiyefanya hivyo anaweza kupewa onyo na kutozwa faini isiyozidi yuan 2,000. Kuzidisha siku za viza ni jambo zito zaidi: yuan 500 kwa kila siku hadi yuan 10,000, au kuwekwa rumande kati ya siku 5 na 15.

Hapa ndipo chumba cha bei rahisi kwa "kaka wa nyumbani" kinapogeuka kuwa ghali. Wenyeji wengine hupangisha vyumba kinyemela bila mkataba na hawataki kwenda polisi. Mgeni anaona ameokoa fedha ya hoteli, kumbe kila siku inayopita anaongeza kosa. Akisimamishwa Xiaobei au Sanyuanli, pasi ikaonekana haina usajili, biashara ya siku hiyo imekwisha. Swali la kumuuliza mwenyeji kabla ya kulipa ni moja tu: je, utanisajili polisi leo? Akianza kuzunguka, atafutwe mwingine.

Upande wa hoteli, zilikuwapo nyingi ndogo zilizokataa wageni kwa kusema hazina kibali cha kupokea pasi za kigeni. Mwaka 2024 serikali kuu ilielekeza kwamba sababu hiyo isitumike tena. Hata hivyo mapokezi wa gesti ndogo anaweza asijue kujaza fomu ya pasi ya Burundi au Rwanda, na saa sita usiku si wakati wa kubishana. Anayefika usiku aanzie hoteli iliyozoea wageni, kama zile za Xiaobei, hata kama mpango wake ni kuhama kesho yake.

Mzigo utafungwa wapi?

Hili ndilo swali ambalo wachache hujiuliza kabla ya kuchagua mtaa, na lina uzito kwa wasafirishaji pia. Mfanyabiashara asiyejaza kontena lake huchangia kontena na wengine. Kila anaponunua, muuzaji hupeleka maboksi kwenye ghala la wakala, na ofisi za mawakala wanaopeleka Dar es Salaam na Mombasa ziko zaidi Xiaobei na maeneo ya Sanyuanli. Ghala lenyewe mara nyingi liko nje, wilaya ya Baiyun, ambako kodi ni nafuu.

Aliyelala karibu na ofisi ya wakala anaweza kupita kila jioni, akahesabu maboksi yaliyofika, akahakikisha alama yake imeandikwa na kusoma orodha ya mzigo kabla haijapelekwa. Aliyelala mbali hupiga simu na kuambiwa "kila kitu kiko sawa". Tofauti ya watu hawa wawili huonekana miezi miwili baadaye mpakani. Orodha inaposema "vyombo vya nyumbani" na ndani kukakutwa betri na vipodozi, lori husimama Rusumo, Kabanga, Tunduma au Malaba. Dereva anakula posho ya kusubiri, na watu 20 waliochangia kontena hilo wanapigiana simu kumtafuta mmoja. Vivyo hivyo kwa vyeti vya ubora vinavyotakiwa kabla ya kusafirisha, vya TBS, KEBS au UNBS: bidhaa inayohitaji cheti hushughulikiwa ikiwa bado China, wakati mwenye mzigo yuko hapo hapo, si baada ya meli kuondoka.

Mzigo unaopita Dar es Salaam au Mombasa kwenda nchi jirani uandikwe nchi ya mwisho kwenye hati ya shehena tangu Guangzhou. Kulisahihisha jina au mji baada ya meli kuondoka kunawezekana, ila ni kwa malipo na kwa siku.

Ni vizuri basi siku tatu za mwisho za safari zitumike mtaa wa wakala, hata kama manunuzi yalifanyika Foshan, Shahe au Shenzhen.

Siku ya kufika

Kenya Airways na Ethiopian Airlines zina ndege za moja kwa moja mpaka Guangzhou kutoka Nairobi na Addis Ababa. Kutoka uwanjani, njia namba 3 ya treni huenda mpaka Jiahe Wanggang, ambako abiria hubadili kuingia njia namba 2 kwenda Sanyuanli na stesheni ya reli. Anayekwenda Xiaobei hubadili tena stesheni ya reli kuingia namba 5. Treni husimama karibu saa tano usiku, hivyo ndege za usiku wa manane zinataka teksi ya foleni rasmi, si ya mtu anayekuja kushika begi ndani ya ukumbi.

WhatsApp na ramani za Google hazifunguki kwa mtandao wa kawaida wa China. Jina na anwani ya hoteli viandikwe kwa herufi za Kichina kwenye karatasi kabla ya kuondoka nyumbani, kwa sababu dereva wa teksi hataisoma ile ya Kiingereza. WeChat na Alipay ndizo zinazolipa karibu kila kitu, na tangu mwaka 2023 zinapokea kadi za benki za kigeni. Ziunganishwe nyumbani, ambako ujumbe wa benki bado unafika kwenye simu.

Mwisho ni kalenda. Mwaka mpya wa Kichina huangukia kati ya tarehe 21 Januari na 20 Februari, na viwanda na masoko huanza kufungwa siku nyingi kabla. Wiki ya kwanza ya Oktoba nayo ni sikukuu ya taifa. Katika majira hayo hoteli za Xiaobei zinaweza kuwa wazi na za bei poa kabisa, lakini maduka ya chini yake yamefungwa.